Fizi zikiacha kutoa damu, usiitupe kadi ya kliniki

Na Mwandishi Wetu

DAMU imekata kwenye mswaki, harufu mbaya ya kinywa imepungua na chakula kinatafunika pande zote mbili. Mzazi aliyetibiwa ugonjwa wa fizi akifikia hapo hujiona amepona. Kadi ya kliniki anaiweka kabatini, ada za shule na kodi ya nyumba zinachukua nafasi yake. Miaka miwili mitatu baadaye jino la mbele linaanza kucheza, tena bila maumivu ya kumwonya.

Madaktari wa kinywa na meno wanaufahamu vizuri mwenendo huo. Ugonjwa wa fizi uliokwisha kula mfupa hudhibitiwa kama unavyodhibitiwa ugonjwa wa kisukari au shinikizo la damu, na mgonjwa hubaki chini ya uangalizi maisha yake yote. Matibabu ya kwanza huzima moto. Ili usiwake tena, inahitajika kazi ya kila siku nyumbani na kurudi kliniki kwa tarehe zilizopangwa, hata kama hakuna kinachouma.

Shirika la Afya Duniani (WHO), katika ripoti yake ya mwaka 2022 kuhusu afya ya kinywa, lilikadiria kuwa ugonjwa mkali wa fizi unawapata watu zaidi ya bilioni 1 duniani, sawa na karibu mtu mzima 1 kati ya 5. Ni ugonjwa unaowashika zaidi watu wazima, katika miaka ileile ya kusomesha watoto na kutunza wazee.

Makala haya yanaeleza kwa nini ugonjwa huu una tabia ya kurudi, nini hufanyika katika ziara za uangalizi, na familia ifanye nini nyumbani.

Ukoga, ugaga na mfupa unaoliwa

Saa chache tu baada ya kupiga mswaki, utando laini wa bakteria huanza kujijenga upya juu ya meno. Huo ndio ukoga. Usipoondolewa hukaa kwenye mstari wa fizi, na madini yaliyomo kwenye mate huugandisha ukawa ugaga, kitu kigumu chenye rangi ya njano au kahawia ambacho mswaki hauwezi kukitoa.

Mwaka 1965 watafiti mjini Aarhus, Denmark, walichapisha matokeo ya jaribio ambalo linafundishwa hadi leo katika vyuo vya udaktari wa meno. Watu 12 wenye fizi nzima waliombwa waache kabisa kusafisha meno. Kati ya siku 10 na 21, wote walipata uvimbe wa fizi. Walipoanza tena kusafisha, fizi zilirudi katika hali yake ndani ya takribani wiki moja.

Hiyo ndiyo habari njema ya hatua ya kwanza: fizi nyekundu, zilizovimba na zinazotoa damu zinaweza kupona kabisa. Hatua ya pili ni tofauti. Uvimbe ukidumu, fizi huachana na jino na kuacha mfuko katikati, kisha mfupa unaoshikilia jino huanza kupungua. Kwenye fizi yenye afya, nafasi kati ya jino na fizi huwa na kina cha milimita 1 hadi 3. Kuanzia milimita 4 daktari huanza kuwa na wasiwasi, hasa pale panapotoa damu akipagusa.

Mfupa uliokwisha kupotea haujirudishi wenyewe. Upasuaji unaweza kurudisha sehemu fulani kwa baadhi ya wagonjwa, lakini wengi hubaki na mfupa waliookoa siku ya matibabu. Lengo la uangalizi ni kuulinda mfupa huo uliobaki.

Kwa nini unarudi

Matibabu ya kwanza huwa ni kukwangua ugaga juu na chini ya fizi na kusafisha mizizi ya meno, mara nyingi kwa ganzi. Baada ya hapo bakteria hupungua sana, fizi hukaza na mifuko mingi hupungua kina. Hata hivyo bakteria hawaishi kinywani. Ndani ya wiki kadhaa huanza kujikusanya tena, na kwenye mifuko iliyobaki wanaweza kufikia hali ya awali ndani ya kama miezi 3. Mswaki, hata ukiwa mzuri namna gani, haufiki ndani ya mfuko wenye kina cha milimita 5 au 6. Ndiyo maana wagonjwa wengi huambiwa warudi kila baada ya miezi 3.

Tofauti kati ya anayerudi na asiyerudi imepimwa. Nchini Sweden, watafiti Per Axelsson na Jan Lindhe waliwafuatilia kwa miaka 6 wagonjwa waliokwisha kutibiwa fizi. Kundi moja liliitwa kliniki kila baada ya miezi 2 hadi 3. Kundi jingine lilirudishwa kwa madaktari wa kawaida bila mpango huo. Kwa mujibu wa matokeo waliyoyachapisha mwaka 1981, waliofuatiliwa walibaki na fizi zilizoshika vilevile, na wale wengine ugonjwa uliwarudia na fizi zikaendelea kuachana na meno. Makundi yote mawili yalikuwa yametibiwa mwanzoni.

Mwaka 2004 Axelsson na wenzake walitoa ripoti nyingine nchini humo, safari hii ya watu waliokaa kwenye mpango wa kuzuia magonjwa ya meno kwa miaka 30. Kwa wastani, katika miaka yote hiyo, walipoteza chini ya meno mawili kila mmoja.

Ziara ya uangalizi ina nini

Wengi hudhani ziara hizi ni za kusafisha meno yang'ae kabla ya harusi. Kusafisha kupo, lakini kazi kubwa ni kukagua.

Kwanza daktari huuliza habari za afya yako tangu mlipoachana: umeanza dawa mpya, sukari imepanda, umepata ujauzito, umerudi kwenye sigara? Kisha huchukua kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita na kupima kina cha fizi kuzunguka kila jino, kwa kawaida sehemu 6 kwa jino moja. Huandika sehemu zinazotoa damu, meno yanayocheza na fizi zilizoshuka, halafu hulinganisha na vipimo vya ziara iliyopita. Pale inapohitajika hupiga picha ya eksirei kuona kiwango cha mfupa.

Baada ya hapo huondoa ukoga na ugaga, na kusafisha kwa kina sehemu zile tu zilizoanza kuharibika. Mwisho hukuonyesha ni wapi mswaki wako haufiki. Usione aibu kuonyeshwa namna ya kupiga mswaki ukiwa na miaka 45. Hiyo ni sehemu ya matibabu.

Ukitoka kliniki bila kupimwa kina cha fizi, umesafishwa meno tu. Mgonjwa aliyewahi kupoteza mfupa ana haki ya kuuliza: vipimo vyangu vya leo vikoje ukilinganisha na vya mara iliyopita?

Miezi 3, 6 au 12?

Hakuna ratiba moja ya watu wote. Miongozo ya wataalamu huweka muda kati ya miezi 3 na 12, kulingana na hatari ya mgonjwa.

Sababu ya kutofautisha ilionekana wazi kwenye mashamba ya chai ya Sri Lanka. Kuanzia mwaka 1970 hadi 1985, watafiti waliwafuatilia vibarua wanaume 480 ambao hawakuwa na huduma yoyote ya meno. Asilimia 8 ugonjwa wao ulienda kasi sana, asilimia 81 ulienda kwa mwendo wa wastani, na asilimia 11 haukuendelea zaidi ya uvimbe wa fizi. Watu hao waliishi mazingira yanayofanana, lakini miili yao haikulipokea tatizo kwa namna moja.

Kwa kawaida mgonjwa huanza na miezi 3 katika mwaka wa kwanza. Akiendelea vizuri, muda unaweza kusogezwa hadi miezi 4 au 6. Mvutaji sigara, mwenye kisukari kisichodhibitiwa au mwenye mifuko mirefu iliyobaki huendelea na miezi 3. Uamuzi huo ufanywe na daktari mwenye vipimo mkononi. Kalenda ya jirani yako isikuongoze.

"Wamenisafisha, meno yakalegea"

Hii ndiyo kauli inayowakimbiza watu kliniki kuliko sindano ya ganzi. Mtu alikuwa na meno yanayokaa, amekwenda kusafishwa, amerudi nyumbani anahisi yanatikisika na katikati pana nafasi. Anaapa harudi tena, na majirani wanamsikiliza.

Ukweli ni kwamba ugaga mwingi hushikanisha meno kama zege lililomwagwa katikati ya matofali. Mfupa chini yake ulishapungua siku nyingi, ila ugaga ulificha. Ukiondolewa, jino linaonyesha hali yake halisi. Vivyo hivyo fizi zilizovimba hufunika nafasi kati ya meno. Zikinywea, nafasi huonekana. Meno mengi hukaza kiasi baada ya fizi kupona, katika wiki na miezi inayofuata.

Meno pia huweza kuuma ukinywa maji baridi au chai ya moto kwa siku au wiki kadhaa, kwa sababu mizizi iliyofunikwa na ugaga sasa iko wazi. Dawa ya meno ya kutuliza ganzi ya meno husaidia. Maumivu makali, usaha au uvimbe wa shavu si kawaida, rudi kliniki.

Kwa wasomaji wa Arusha, Kilimanjaro na maeneo mengine yenye maji ya floraidi nyingi: madoa ya kahawia yaliyojengeka ndani ya jino tangu utotoni si ugaga. Hayatatoka kwa kukwanguliwa, na kuyasugua kwa mchanga au mkaa kutakwangua jino lenyewe.

Kazi ya nyumbani

Ziara 4 kwa mwaka ni saa chache tu. Siku zilizobaki kazi ni yako. Mambo ya msingi ni haya:

• Piga mswaki mara 2 kwa siku, dakika 2 kila mara, kwa dawa ya meno yenye floraidi. Usiku kabla ya kulala ndiyo mara isiyokosekana.

• Tumia mswaki laini. Ulaze kidogo kuelekea kwenye fizi, mahali jino na fizi vinapokutana, na usugue taratibu. Nguvu nyingi hushusha fizi.

• Safisha katikati ya meno mara 1 kwa siku. Kwa aliyepoteza mfupa, brashi ndogo nyembamba za kupitisha katikati ya meno hufanya kazi vizuri kuliko uzi, kwa sababu nafasi zimekuwa kubwa. Pale zisipoingia, tumia uzi wa meno. Vijiti vya kuchokonolea hutoa nyama iliyonasa, ila haviondoi utando wote.

• Badilisha mswaki kila baada ya miezi 3 hivi, au mapema zaidi nywele zake zikitawanyika.

Mswaki wa mti, ambao wengi wa pwani wameutumia tangu babu zao, husafisha vizuri sehemu za nje ukitumiwa kwa uangalifu. Shida yake ni upande wa ndani wa meno na katikati. Anayeupenda aendelee nao, lakini aongeze kitu cha kufika huko.

Fizi zikitoa damu siku za mwanzo za kusafisha katikati ya meno, usiache. Damu hiyo hutokana na uvimbe, na kwa kawaida hupungua ndani ya wiki moja au mbili. Ikiendelea zaidi ya hapo, usisubiri tarehe ya kwenye kadi.

Dawa za dukani hazitoi ugaga

Njia ya mkato inayojulikana ni kupita duka la dawa na kununua amoksilini au metronidazoli kila fizi zinapovimba. Uvimbe hupungua siku chache, kisha hurudi. Bakteria wa kwenye ukoga wamejifunika utando ambao dawa haipenyi vizuri, na ugaga unabaki pale pale ukiwahifadhi wapya. Kuna wagonjwa wachache ambao daktari huwaandikia dawa hizo pamoja na kusafishwa, lakini kuzinywa ovyo huwafanya vimelea wawe sugu.

Maji ya chumvi ya uvuguvugu hutuliza fizi zenye kidonda. Dawa ya kusukutua yenye klorihexidini hupunguza bakteria kwa muda, na ikitumiwa kwa muda mrefu huacha madoa kwenye meno na kubadilisha ladha. Zote hizo ni wasaidizi. Hazichukui nafasi ya mswaki wala ya kukwangua ugaga.

Wanaohitaji jicho la pekee

Wenye kisukari. Sukari ikiwa juu, fizi hushambuliwa kirahisi na hupona polepole. Fizi zikiwa na uvimbe mkali, nazo hufanya sukari iwe ngumu kudhibiti. Tafiti zimeonyesha kuwa kutibu fizi hushusha kidogo kipimo cha sukari cha miezi 3. Ukienda kliniki ya kisukari, taja fizi; ukienda kliniki ya meno, taja kisukari.

Wavutaji sigara. Sigara hubana mishipa midogo ya damu, hivyo fizi zinaweza kuharibika kimyakimya bila kutoa damu. Mvutaji asijivunie mswaki mweupe. Matibabu ya fizi pia hayampi matokeo mazuri kama ya asiyevuta.

Wajawazito. Mabadiliko ya homoni huongeza uvimbe wa fizi. Ile imani kwamba mtoto hunyonya madini kutoka kwenye meno ya mama si kweli, na imewafanya wengi wakubali kupoteza meno kama sehemu ya uzazi. Kusafishwa meno wakati wa ujauzito ni salama. Miezi ya katikati ndiyo huwa na nafuu zaidi kwa mama kukaa kwenye kiti.

Wanaotumia dawa fulani. Nifedipini na amlodipini za shinikizo la damu, pamoja na fenitoini ya kifafa, zinaweza kukuza fizi kwa baadhi ya watu. Usiache dawa mwenyewe. Mwambie daktari wa meno ili wazungumze na aliyekuandikia.

Watoto wa mzazi mwenye ugonjwa huu

Mzazi akiambiwa amepoteza mfupa, swali linalofuata liwe la watoto. Mwelekeo wa kupata ugonjwa wa fizi huweza kutembea kwenye ukoo. Ipo aina inayoanza mapema, katika umri wa kubalehe au ujana, na hupenda kushambulia magego ya kwanza ya ukubwani na meno ya mbele. Inaweza kuwapata vijana wenye meno masafi ya kuonekana, ndiyo maana huchelewa kugunduliwa. Ukiona jino la mbele la kijana wako linasogea, linaachana na mwenzake au linacheza wakati hajaanguka wala kugongwa, mpeleke akapimwe. Wadogo na wakubwa zake nao wapimwe.

Kwa walio wadogo, kinga ni tabia. Mtoto chini ya miaka 3 hupakwa dawa ya meno yenye floraidi kiasi cha kuchafua tu mswaki. Kuanzia miaka 3 hadi 6 kiasi cha punje ya njegere. Mzazi amsimamie na kummalizia mpaka afike miaka 7 au 8, kwa sababu kabla ya hapo mikono yake haijaweza kazi hiyo vizuri. Mtoto anayemwona baba na mama wakisafisha meno kila usiku hahitaji hotuba ndefu.

Gharama na tarehe

Familia nyingi zitasema: ziara 4 kwa mwaka ni anasa. Chukua mfano wa baba mwenye miaka 42 aliyeacha kurudi. Akianza kupoteza magego, atalipia kung'oa, kisha meno ya bandia, kisha kuyatengeneza yakivunjika, na bado hatatafuna nyama wala muhogo wa kuchoma kama zamani. Meno yaliyobaki yatabeba mzigo zaidi, nayo yataanza kulegea. Bei ya kusafisha meno hulipwa kidogo kidogo. Bei ya kukosa meno huja kwa mkupuo, wakati mwingine mwezi uleule wa ada.

Uliza mapema bima yako inalipia nini na mara ngapi kwa mwaka. Asiye na bima aulize huduma katika kliniki ya meno ya hospitali ya wilaya au ya rufaa ya mkoa kabla ya kwenda kwingine. Kibubu cha nyumbani au mfuko wa kikoba unaweza kutengwa kwa ajili hiyo, kama inavyotengwa fedha ya sare za shule. Na kama lazima uchague, mwambie daktari wazi uwezo wako, mpange muda unaoweza kuutimiza. Miezi 6 unayoifuata kweli ni bora kuliko miezi 3 ya kwenye karatasi.

Kina mama wa nchi hii hawasahau tarehe ya kliniki ya mtoto chini ya miaka 5. Mvua ikinyesha wanakwenda, foleni ikiwa ndefu wanasubiri. Fizi za mzazi zinahitaji nidhamu hiyohiyo. Kabla hujaondoka kwa daktari, omba tarehe inayofuata iandikwe kwenye kadi, na uiweke kwenye simu yako siku hiyohiyo, pamoja na kengele ya kukukumbusha wiki moja kabla.

Kama ulitibiwa fizi na hukumbuki mara ya mwisho kupimwa, piga simu kliniki wiki hii. Nenda na kadi ya zamani ikiwa bado ipo, kwa kuwa vipimo vilivyoandikwa humo vitamwonyesha daktari nini kimebadilika na nini bado kinaweza kuokolewa.